Shangazi, nakwenda China kufunga mzigo kwa mara ya kwanza, na pesa nyingine ni ya kikoba

Shikamoo Shangazi,

Nina fremu Kariakoo, nauza mikoba ya kina mama, hasa ile migumu ya kwendea ofisini. Huu ni mwaka wa sita. Mzigo nachukua kwa wauzaji wa jumla wa hapa hapa. Mkoba mmoja nauchukua kwa shilingi 32,000, nauza 45,000, na mteja akibembeleza sana namwachia kwa 42,000. Nikitoa kodi ya fremu, mshahara wa binti anayenisaidia na chakula cha mchana, ninachobaki nacho ni cha kulisha nyumba tu. Sijawahi kuongeza hata rafu moja dukani.

Wanaoniuzia wote wanakwenda Guangzhou. Mwaka huu nimesema na mimi niende. Nimejibana mpaka nimefikisha milioni 11 zangu mwenyewe. Kikoba chetu kimekubali kunikopesha milioni 7, marejesho ni shilingi 700,000 kila mwezi kwa miezi 11, yanaanza mwezi unaofuata baada ya kuchukua. Nimepiga hesabu ya tiketi, viza, hoteli na chakula kwa siku kumi, nimepata kama milioni 4 na nusu. Nataka kuondoka wiki ya mwisho ya Januari ili mzigo uwahi Idd.

Sasa kuna dada mmoja anapeleka watu kwa makundi. Anataka shilingi 1,200,000 kwa kila mtu kwa ajili ya kutuongoza, na anasema pesa zetu za mzigo tumkabidhi yeye azitume kwa mtu wake kule, tukifika tutazikuta. Viza anasema tuombe ya utalii, ndiyo rahisi. Pia alituambia kila mmoja wetu atabeba kifurushi kidogo cha watu wake, eti ni dawa za asili na unga wa dona. Shoga yangu ameshalipa. Mimi moyo unasita, lakini nikifikiria kwenda peke yangu, Kichina sijui hata neno moja, Kiingereza changu ni cha kuombea maji, miguu inaisha nguvu.

Baba watoto hakatai, ila anasema pesa ya mkopo haivuki bahari. Na anaogopa maneno ya watu, mwanamke kwenda China peke yake. Tuna watoto wawili, mdogo yuko darasa la pili.

Shangazi, niende au nisiende? Na nikienda, nijiandaeje? Pasipoti ninayo, ya kusafiria sijawahi kuitumia hata Nairobi.

Mwenye fremu, Kariakoo

*

Marahaba mwanangu.

Nenda. Lakini usiende Januari, usiende na yule dada, na milioni 7 za kikoba ziache hukohuko kwenye sanduku lao. Nitakueleza moja moja, na nitakaa sana kwenye hesabu, kwa sababu nimeona barua yako imepita juu yake haraka mno.

Nianze na kile kifurushi, maana hicho ndicho kilichonifanya nikujibu leo hii. Usibebe. Awe dada, awe shoga, awe mama mzazi wa shoga, usibebe kitu ambacho hukukinunua na kukifunga mwenyewe kwa mikono yako. Sheria ya China inasema mtu akiingiza heroini kuanzia gramu 50, adhabu yake inaanzia kifungo cha miaka 15, inapanda hadi maisha, na inafika hadi adhabu ya kifo. Gramu 50 ni vijiko vichache vya unga. Ofisa wa forodha akifungua begi lako hatauliza unga ni wa nani, ataangalia begi lina jina la nani. Sisemi kwamba dada huyo anasafirisha dawa za kulevya, simjui. Nasema kwamba hata wewe hujui, na hilo linatosha. Mwite shoga yako leo, umsomee sehemu hii.

Mtu anayetaka kukuongoza hana haja ya kushika pesa yako. Kuongoza ni kukuonyesha njia, kukutafsiria, kukupeleka sokoni. Pesa yako inapokaa kwa "mtu wake kule" humjui jina wala sura, tayari umeshanunua kitu bila kukiona. Na viza ya utalii kwa mtu anayekwenda kununua mzigo ni kuanza safari kwa uongo mbele ya ubalozi. Iko viza ya biashara, inaitwa M. Inataka barua ya mwaliko kutoka kwa kampuni ya kule, na barua hiyo wakala wa mizigo mwenye kampuni iliyosajiliwa anaweza kukusaidia kuipata. Fomu unajaza mtandaoni, kisha unapeleka nyaraka na pasipoti, na unaweza kuchukuliwa alama za vidole. Angalia pasipoti yako iwe na zaidi ya miezi sita mbele yake.

Sasa hesabu. Chukua kalamu, na mwite baba watoto mkae wote wawili.

Tuseme umepata sokoni mkoba wa ofisini kwa yuan 45. Tuseme yuan moja ni shilingi 360 na dola ni 2,600. Wewe utaweka viwango vya siku yenyewe. Mkoba ni shilingi 16,200. Hapo ndipo wengi huishia, wakaona 16,200 dhidi ya 32,000 wakaruka kwa furaha.

Endelea. Mikoba migumu haikunjiki, inakula nafasi. Katoni la sentimita 60 kwa 45 kwa 50 litachukua mikoba 30 hivi. Zidisha 0.6 mara 0.45 mara 0.5, unapata 0.135. Hizo ndizo CBM zako za katoni moja, yaani mita za ujazo, na ndizo wenye kago wanazotozea kwa meli. Tuseme anakutoza dola 400 kwa CBM, ushuru ukiwa ndani. Katoni ni dola 54, kila mkoba ni dola 1.8, sawa na shilingi 4,680. Mkoba sasa umefika 20,880.

Bado safari yenyewe. Milioni 4 na nusu ni sehemu ya bei ya mkoba, hata kama ulizitoa kwenye pochi nyingine. Kwa milioni 11 zako, ukitoa safari unabaki na milioni 6 na nusu. Ukinunua mikoba 270, katoni tisa, utatumia kama milioni 5 na laki 6, na laki 8 na ushee zinabaki kwa dharura. Gawanya milioni 4 na nusu kwa mikoba 270: kila mmoja unabeba shilingi 16,667. Jumlisha. Mkoba umekufikia kwa shilingi 37,547.

Hapo Kariakoo, hatua chache kutoka fremu yako, unaupata kwa 32,000.

Usikate tamaa, mwanangu, soma mbele. Hesabu hiyo inauma kwa sababu umeubebesha mzigo mmoja safari nzima. Wale wanaokuuzia hawaendi China kila wanapotaka mzigo. Wengi wao walikwenda mara ya kwanza, wakawajua wenye vibanda, wakashika namba zao za WeChat, programu ya Wachina ya kutumiana ujumbe, wakawa wanaagiza wakiwa wamekaa dukani kwao. Ukirudi ukaagiza mikoba ileile kwa mtu yuleyule mara mbili zaidi, milioni 4 na nusu sasa inagawanywa kwa mikoba 810. Kila mmoja unabeba 5,556, na mkoba unakufikia kwa 26,436. Umepunguza zaidi ya shilingi 5,500 kwa kila mkoba, na mzigo wa nne hauna gharama ya safari hata kidogo.

Kwa hiyo unachokwenda kukitafuta Guangzhou ni watu wawili watatu utakaoweza kuwaagizia ukiwa Kariakoo, na wakakuletea kitu kilekile ulichokishika kwa mkono. Mikoba 270 ni ya kuwapima. Ukilishika hilo, kila uamuzi wa safari hii utakuwa mwepesi.

Na ndiyo maana mkopo hauna kazi hapa. Baba watoto kasema pesa ya mkopo haivuki bahari. Mimi sisemi haivuki kamwe, ila mkopo wa marejesho ya kila mwezi hauendani na mzigo wa meli. Angalia ratiba yako. Uondoke mwishoni mwa Januari. Mwaka Mpya wa Kichina wa 2027 unaangukia Februari 6. Viwanda huanza kufunga wiki kadhaa kabla, wafanyakazi wanarudi mikoani kwao, na wenye vibanda wanafunga masanduku. Utawakuta wanakuuzia mabaki, au wanachukua malipo ya awali na kukuambia subiri. Kazi hairudi sawasawa mpaka mwisho wa Februari. Mzigo upakiwe Machi, ukae baharini mwezi na zaidi, utolewe bandarini, uje ushike katoni lako Mei. Idd el-Fitr imeshapita tangu Machi. Na kikoba umekwisha kukilipa Februari, Machi, Aprili na Mei, shilingi 2,800,000, kabla hujauza mkoba hata mmoja. Ungezitoa wapi? Ungezitoa kwenye mauzo ya fremu, na fremu ingebaki tupu. Nimeona wanawake wanaojua biashara kuliko mimi wakifunga fremu kwa namna hiyohiyo, na watu wakasema biashara ya China ni ngumu. Biashara haikuwa na tatizo, tarehe za marejesho ndizo zilizowaangusha.

Nenda wiki mbili za mwisho za Machi. Kazi kule imesharudi, na unakwepa Maonyesho ya Canton, yale makubwa yanayofanyika hukohuko Guangzhou tangu 1957, kila Aprili 15 hadi Mei 5 na tena Oktoba 15 hadi Novemba 4. Watu watakushauri uyalenge. Kwa mzigo wa katoni tisa siyo mahali pako bado. Wenye viwanda pale wanataka oda kubwa, na hoteli za mji mzima hupanda bei. Utakwenda siku ukiwa na kontena lako.

Nikuambie yaliyonipata mimi, maana ndiyo nitakayokuombea usiyaone. Safari yangu ya kwanza niliagiza mikoba 300. Sampuli niliyoonyeshwa ilikuwa nzuri, mikono yake imeshonwa mishono miwili, uzi mnene, ndani ya kitako kuna vipande vya ngozi vya kushikilia. Nililipa yote siku ya tano kwa sababu muuzaji aliniambia bei itapanda, nikarudi nyumbani. Mzigo ulipofika tukaufungulia sakafuni stoo. Kabla hata sijatoa mkoba wa kwanza nilisikia harufu ya gundi. Nikaushika mkono wa mkoba, nikavuta kama mtu anayeutundika begani, ukachomoka mzimamzima, ukingo wake safi, hauna hata tundu moja la sindano. Nikachukua wa pili, wa tatu. Mikono yote ilikuwa imebandikwa. Zipu zilikwama kwenye kona ileile. Nilikaa sakafuni pale mpaka jua likazama. Fundi viatu wa mtaani kwetu alinishonea mikoba 300 kwa wiki mbili, na faida yote ikaishia kwenye sindano yake.

Kosa lilikuwa kulipa yote na kuondoka. Wewe utafanya hivi. Ukikubaliana bei, nunua sampuli mbili zinazofanana. Moja chukua nayo, nyingine aache dukani kwake, na zote mbili mwandikie kwa peni ndani ya kitambaa, sahihi yako na yake. Lipa asilimia 30 ya awali. Iliyobaki unailipa mzigo ukishafika stoo ya wakala wako wa kago, katoni zimefunguliwa, na wakala amekupigia picha ya video akivuta mikono ya mikoba, siyo ya juu tu, na ya chini ya katoni pia. Muuzaji anayekataa utaratibu huo mshukuru, nenda kibanda cha pili. Vibanda viko mamia.

Mikoba iko kwenye masoko ya ngozi ya upande wa Baiyun, karibu na Sanyuanli, siyo mbali na stesheni kuu ya treni ya Guangzhou. Viatu, kama utataka kuangalia, viko Zhanxi, upande wa magharibi wa stesheni hiyohiyo. Siku mbili za kwanza usinunue kitu. Nakusihi. Zunguka, uliza bei, piga picha ya kadi ya kila kibanda pamoja na mkoba ulioushika, andika namba ya kibanda na bei kwenye daftari. Utaona mkoba mmoja una bei tatu kwenye ghorofa tatu. Muuzaji atakuandikia bei kwenye kalkuleta, wewe unafuta unaandika yako, mnakwenda hivyo hivyo, na hapo Kichina hakihitajiki. Uliza kila mara maswali manne: bei ni kwa vipande vingapi, rangi ngapi kwa oda moja, katoni lina ukubwa gani, siku ngapi mpaka kuwa tayari. Swali la katoni wengi hawaulizi, na umeona kwenye hesabu yetu linavyogusa bei. Beba futi ya fundi cherehani, pima mwenyewe. Beba pia mkoba wako mmoja unaotoka sana dukani, uwaonyeshe. Mkoba unaoonekana unamaliza maelezo ya nusu saa.

Kwa siku ya tatu na ya nne lipa mtafsiri. Wapo Watanzania wanaosoma vyuo vya Guangzhou wanaofanya kazi hiyo kwa siku, na ukiuliza kwa wanaokuuzia hapo Kariakoo hutakosa jina. Hata ukimlipa vizuri kwa siku hizo mbili, haitafika ile milioni na laki mbili ya kuongozwa. Mwambie mapema kwamba unalipa siku yake na hutaki achukue chochote kwa muuzaji, kwa sababu mtafsiri anayepewa kitu na muuzaji atakupeleka kwa muuzaji anayempa.

Kaa Xiaobei. Kuna hoteli zilizozoea Waafrika, kuna chakula cha halali, na utasikia Kiswahili barabarani. Kabla ya kulipia, hakikisha hoteli inapokea wageni wa nje, maana ziko zisizowapokea. Hoteli itakuandikisha polisi yenyewe. Ukienda kulala kwenye nyumba ya mtu, ni lazima ukajiandikishe polisi ndani ya saa 24, na ukaguzi Xiaobei siyo hadithi. Pasipoti itembee nawe, sheria yao inataka hivyo. Nakala yake iache kwa baba watoto na nyingine chini ya nguo zako. Kadi ya hoteli yenye anwani kwa Kichina isitoke mfukoni. Ndiyo itakayokurudisha ukipotea, na siku ya kwanza utapotea.

Simu inataka maandalizi kuliko begi. WhatsApp, Google, Facebook na Instagram zimefungwa kule. Usifike ndipo ugundue huwezi kumwambia mtu umefika. Weka WeChat ukiwa bado hapa, kwa sababu mara nyingi inadai mtu mwenye akaunti ya siku nyingi akuthibitishe, na hao umezungukwa nao Kariakoo. Mwekee na baba watoto. Weka Alipay, programu yao ya kulipia kwa simu, uiunganishe na kadi yako ya benki ya Visa au Mastercard. Malipo ya chini ya yuan 200 hayana makato, yakizidi hapo hukatwa asilimia 3. Kule hata muuza ndizi anataka uskani, na noti wakati mwingine huangaliwa kwa mshangao. Ndani ya Alipay kuna teksi za Didi na tiketi za treni za chini ya ardhi. Pakua programu ya kutafsiri pamoja na Kichina chake chote ili ifanye kazi bila intaneti. Laini yako ya nyumbani ikiwashwa kutumika nje hufungua WhatsApp, ila bando lake ni ghali, iwe ya dharura. Na adapta ya plagi usisahau, plagi zetu za meno matatu mapana haziingii kwenye soketi zao.

Pesa yako ya mzigo ni dola kama 2,500. Kwa kiasi hicho huna shida na forodha. China inataka utamke ukiwa na zaidi ya dola 5,000 taslimu, na sisi kwetu ni zaidi ya dola 10,000. Nusu iwe kwenye kadi, nusu taslimu uigawe sehemu mbili. Badilisha benki, kwa pasipoti, hata kama foleni ni ndefu. Wabadilishaji wa barabarani Xiaobei watakuita "dada" kwa Kiswahili safi. Waitikie salamu, upite.

Chanjo ya homa ya manjano kachome sasa. Kadi huanza kukubalika siku ya kumi baada ya sindano, na tangu 2016 ni ya maisha. Ukipitia Addis Ababa au Nairobi unaweza kuulizwa, hasa wakati wa kurudi.

Kuhusu mikoba yenyewe kuna jambo ambalo sitalipamba. Utaonyeshwa mikoba yenye nembo za kampuni kubwa za Ulaya, mizuri, kwa bei ya chini, na muuzaji atakuambia wenzako wote wanachukua. Usiguse. Tume yetu ya Ushindani, FCC, hukamata bidhaa bandia bandarini na madukani, na mzigo huteketezwa. Chukua mikoba isiyo na jina au yenye jina la kiwanda chenyewe.

Na wakala wa kago muulize, kabla hujampa hata katoni moja, kama bei yake ina ushuru ndani, na kama atakupa risiti na nyaraka za mzigo wako. Kontena la kuchangia ni la watu wengi, na karatasi mara nyingi huwa za mwenye kontena peke yake. Ulikuwepo Mei 2023 na Juni 2024 maduka ya Kariakoo yalipofungwa kwa ajili ya migogoro ya kodi na ukaguzi wa mizigo. TRA akisimama mbele ya fremu yako, atauliza mikoba hii imeingiaje. Kwa nguo na bidhaa za ngozi ushuru wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unaweza kufika asilimia 35, na VAT asilimia 18 juu yake, kwa hiyo mtu anayekutajia bei ya chini kupita wenzake wote, jiulize ni kipi hakilipi.

Sasa nyumbani. Maneno ya watu sitaki kukudanganya kwamba hayatakuwepo. Lakini nimesoma barua yako mara mbili, na baba watoto hakusema usiende. Alisema anaogopa. Mpe kazi ndani ya safari hii. Akae na ile hesabu, awe yeye wa kukagua viwango vya dola kila asubuhi, ashike ufunguo wa fremu na daftari la mauzo ya binti. Guangzhou iko mbele yetu kwa saa tano. Ukimaliza sokoni saa kumi na mbili jioni, hapa ni saa saba mchana, na yule wa darasa la pili akirudi shuleni utampata kwa video kabla hujalala. Mwambie kila siku umeona nini. Mtu anayeelezwa kila siku hana nafasi ya kusikiliza ya jirani.

Kikoba waandikie kwamba hukuchukua. Waombe wakushikie nafasi ya mkopo mpaka mwezi wa sita, mzigo ukiwa dukani na mikoba imeanza kutoka. Hapo milioni 7 zitanunua mzigo wa pili kwa mtu unayemjua, na marejesho ya kwanza utayatoa kwenye mauzo ya ule wa kwanza.

Hilo la shoga yako lisisubiri barua hii ikauke. Kama amelipa nauli ya kuongozwa tu, na akadai arudishiwe ikashindikana, hiyo ni hasara ya pesa. Kifurushi asikipokee hata akiletewa nyumbani saa sita usiku.

Ukisharudi niandikie uliupata mkoba kwa yuan ngapi, na katoni lilipima ngapi.

Shangazi